Sufuria Ilienda Kawangware, Mfuniko Ukabaki

Amani yetu ilitugharimu hivi, nami nimehesabu mara mbili: sufuria yangu kubwa ya kupikia watu hamsini, goti langu la kulia, na mwanamke mmoja ambaye hadi leo akiniona anavuka barabara. Chai sijaiweka kwenye hesabu, kwa sababu tuliinywa, na kitu ulichokwisha kunywa huwezi kukidai.

Nawatajia bei mapema kwa sababu nyinyi wasichana hamuiulizi. Mnakuja hapa kwangu Satellite na tisheti nyeupe zenye njiwa, mnakaa kwenye kiti changu kizuri, mnasema, "Shosh, tuambie mlivyoleta amani." Nikianza kuwaambia mnatoa simu mnirekodi, na nikifika mahali penyewe simu inalia. Basi sasa naandika. Karatasi hailii.

Nilikaa Soko la Toi miaka mingi nikiuza mapazia na mashuka ya mitumba. Jambo la kwanza soko lilinifundisha ni hili: mteja anayesema pazia ni zuri sana anapita tu. Anayesema lina tundu, rangi imepauka, na kwani huyu mzungu alilifulia wapi, huyo atanunua. Kaa naye. Mvutie kiti. Baadaye nilipoanza kuitwa huku na huku kupatanisha watu, wapangaji na mwenye nyumba, wake wenza, mara moja hata kwaya mbili za kanisa moja, sikuhitaji somo lingine. Anayekubali haraka mkae macho. Anayelalamika yuko karibu kununua.

Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyonichosha. Mapazia hayakupigii simu saa ya kula.

Turudi nyuma kidogo, tuanzie kwenye chama. Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa Soweto West, pale Kibera. Chama chetu hakikuwa cha pesa. Pesa huleta mweka hazina, na mweka hazina huleta kesi. Kilikuwa cha vyombo. Jumapili ya kwanza ya mwezi kila mmoja anakuja na chombo, huyu sahani, huyu vikombe, huyu karai, na tunavipeleka kwa mwenye zamu. Sufuria kubwa hununuliwa na wote pamoja, na mwenyekiti ndiye anayeibeba kichwani hadi mlangoni. Pale mlangoni mwenye zamu anatoka na kumtua. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kumtua, hata kama mwenyekiti shingo inaingia mabegani. Akishamtua, amekuwa mwenyeji wetu, na chai ni juu yake.

Na zamu hufikishwa nyumbani. Hilo lishikeni, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, sitamtaja, aliyekuwa akipokea vyombo vizuri na kuleta vijiko vya plastiki. Tulipochoka hatukumtukana. Tulimwekea haki yake kwenye gunia, tukampa barabarani, pale stendi. Akaelewa. Hivyo ndivyo tulivyomfukuza mtu: vyombo vyake vyote, kamili, lakini barabarani.

Mwenyekiti alikuwa Mama Akinyi, Mluo, aliuza omena, dagaa wa ziwani. Mwanamke mrefu, mzito wa kusema. Mama Shiku, Mkikuyu, alipika chapati na maharagwe karibu na reli, na maharagwe yake yalikuwa na sifa hadi mafundi wa Toi walikuwa wanatuma vibakuli. Mimi ni Mama Ndinda, Mkamba wa Machakos. Sisi Wakamba mwaka ule wa uchaguzi, 2007, tulikuwa kama ukuta wa kati wa nyumba mbili. Huyu anapigilia msumari wake upande huu, yule upande ule, na hakuna anayeuliza ukuta.

Yaliyotokea matokeo yalipotangazwa mnayajua, au mmesimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Soko la Toi liliungua, na mapazia yangu ndani. Mama Shiku alifukuzwa Soweto West na watu wa mtaa wetu wenyewe. Alikimbilia Kawangware kwa binamu yake, akiwa na watoto wawili na ubao wa kusukumia chapati. Hakubeba kitambulisho wala blanketi, alibeba ubao. Hadi leo hajui kwa nini. Siku zile zile dada yake Mama Akinyi, aliyekuwa akiishi Kawangware, alifukuzwa kutoka huko akaja kubanana na Mama Akinyi chumba kimoja. Sijui kama walipishana njiani, dada huyu na Mama Shiku. Kama walipishana, hawakusalimiana.

Sasa zamu ya Februari ilikuwa ya nani? Ya Mama Shiku.

Mkiona ni jambo dogo, ngojeni. Mama Shiku hakuwa na sufuria. Bila sufuria hapiki maharagwe, bila maharagwe hauzi, na kwa binamu yake mume wa nyumba alikuwa ameanza kuwahesabia watoto vipande vya chapati. Vyombo vile ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Tusipompelekea, hana pa kuanzia. Na sisi tukiruka zamu ya mtu kwa sababu ya kabila lake, hatuna chama tena. Tuna kikundi cha watu wanaoogopa, na hicho kila mtaa ulikuwa nacho.

Katikati ya mambo hayo tukaitwa semina.

Mnazipenda semina, najua. Tulichukuliwa na basi hadi hoteli ya mjini, tukapewa kalamu, maji ya chupa na tisheti. Tisheti zote zilikuwa za kumtosha mwanamume wa kubeba magunia. Mwalimu alikuwa msichana mpole mwenye miwani, na sina ubaya naye. Aliwasha mashine yake ukutani akatuonyesha picha za wanawake wa Ulaya na Marekani waliovaa kofia. Akasema hao waliishi kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Vita vya kwanza vilipoisha, wanawake wa nchi zilizokuwa zikiuana walisafiri kwa treni na meli, wakaketi meza moja kupanga jinsi ya kuzuia vita vingine. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi za kutaka silaha zipunguzwe, hadi karatasi zikajaa masanduku.

Mama Akinyi aliinua mkono. Aliuliza hao wanawake walipofika kwenye nchi ya adui walilala kwa nani.

Mwalimu akasema hana hakika, pengine hotelini.

"Basi hawakufika," Mama Akinyi akasema, akarudi kwenye sambusa yake.

Nilimkanyaga mguu. Lakini msichana hakukasirika. Aliendelea akasema wengi wao walipata tabu waliporudi kwao, kwamba magazeti yaliwaita wasaliti na jirani wakaacha kuwasalimia. Hapo Mama Akinyi aliacha kutafuna. Neno hilo la msaliti alikuwa ameshaambiwa wiki ile, pale bombani kwenye foleni ya maji, kwa sababu tu alikuwa ameuliza nani ana habari za Mama Shiku.

Nikauliza mimi mwisho wake ulikuwa nini. Mchuuzi haondoki bila kujua mwisho. Msichana akatazama chini, akasema vita vya pili vilikuja.

Niliudhika, siwafichi. Treni, meli, masanduku ya sahihi, kofia zote hizo, halafu vita vinakuja! Nikamwuliza basi walipata nini. Alifikiri kidogo. Akasema, "Walijuana. Watu walipoanza kukimbia, kulikuwa na waliojua mlango wa kubisha upande wa pili."

Katika semina nzima nilibeba vitu viwili: sentensi hiyo na tisheti tatu, ambazo zilitoa foronya nzuri sana.

Semina ingeishia hapo, yote yangekuwa mazuri. Lakini msichana alitufundisha pia kwamba pande mbili zikikosana zikutane mahali pasipo pa upande wowote. Aliandika kwa kalamu nyekundu akapiga mstari chini yake. Mimi niliipenda hiyo, maana ni biashara. Mteja hataki kuja kwako, wewe hutaki kwenda kwake, mnakutana katikati. Wote tuliipenda. Hakuna hata mmoja wetu, watu wa chama miaka yote ile, aliyekumbuka gunia la stendi.

Tukasambaziana kredo ya simu, nikampigia Mama Shiku kwa namba ya binamu yake, tukakubaliana Ngong Road, kando ya majivu ya soko. Tukabeba vyombo, tukatandika gunia, tukavipanga vizuri: vikombe huku, sahani huku. Vilipendeza. Nilijisikia kama siku ya kwanza ya kibanda kipya.

Mama Shiku alitokea ng'ambo ya barabara akasimama. Aliangalia gunia. Tulimpungia mikono kama wajinga. Akavuka pole pole, akaja hadi karibu, hakugusa hata kijiko.

"Mnanifukuza?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kuhusu mahali pasipo pa upande wowote. Wallahi nilisema maneno hayo yote mbele ya mtu aliyetembea toka Kawangware na viatu vya binamu yake.

"Mama Ndinda," akasema, "zamu ni ya nyumbani. Kama bado ni yangu, nyumba yangu ni ile ninayolala. Mkiogopa kuja, semeni tu zamu imekufa, lakini msinipe barabarani."

Akavuka akarudi. Tulikunja gunia. Tukarudi hadi kwa Mama Akinyi, na hapo ndipo mwenyekiti alipotupa hukumu: Jumapili tunaenda Kawangware, nyumbani kwake, na yeye atabeba sufuria kama sheria inavyosema. Asiyekuja hatamlaumu.

Dada yake alikuwa kitandani na watoto, akisikia yote. Aliketi. Alimwuliza Mama Akinyi kama ana akili sawa, kwamba anawapelekea vyombo watu waliomtoa dadake nje kwa mapanga, na kama atakunywa chai yao pia.

Mama Akinyi alimjibu kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Siku uliyofukuzwa, Mama Shiku hakuwa Kawangware. Alikuwa hapa, akifukuzwa na watu wetu."

Dada aligeuka akalala akitazama ukuta. Ndiye huyo anayevuka barabara. Alipona, alipata nyumba nyingine, watoto wamesoma, lakini yeye na mimi bado tuko pale chumbani. Kwa dada yake amesamehe, ni damu. Mimi mgeni niliyekuwa nimekaa pembeni nikitikisa kichwa kukubali, mimi ndiye niliyeshikiwa deni.

Tatizo la pili likawa sufuria yenyewe. Maduka yaliyouza sufuria za kiasi kile yalikuwa yamefungwa au yamebebwa yote na milango yake. Wote wakanitazama mimi. Sufuria yangu ilikuwa imepika kwenye harusi na matanga ya nusu ya Soweto West, na ilikuwa salama kwa sababu siku ya moto ilikuwa matangani. Nilipinga. Nikasema ina kibonyeo, imekuwa nyeusi chini, haifai zawadi. Mmeona? Nilikuwa nasema ina tundu. Mama Akinyi alinisubiri tu nimalize.

Nikakubali kwa masharti: zamu yangu ikifika, chama kitaninunulia nyingine ya kiasi hicho hicho. Na mfuniko nabaki nao. Wakaniuliza mfuniko wa nini bila sufuria. Nikawaambia ukimpa mtu sufuria na mfuniko wake, umempa, mambo yamekwisha. Ukimpa sufuria bila mfuniko, bado mnazungumza.

Jumapili tulianza safari tukiwa watu tisa. Tulipofika Ngong Road tukawa wanane, mmoja alikumbuka mtoto ana homa. Tulipokaribia Kawangware tukawa sita. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Mama Akinyi alikuwa mbele, ngata kichwani, sufuria juu ya ngata, mkono mmoja umeshika ukingo. Jua lilikuwa linapiga kwenye aluminiamu hadi sijui nani asingetuona. Kama tulitaka kupita kimya kimya, tungebeba kitu kingine.

Walitusimamisha kwenye magogo yaliyolazwa njiani. Vijana kama saba hivi, wengine watoto wa jana. Mmoja aliyevaa kofia ya sufu alinyoosha kiganja. "Mathe, kitambulisho."

Siku zile kitambulisho hakikuwa cha kuonyesha wewe ni nani. Kilikuwa cha kuonyesha wewe ni wa nani. Nikampa changu. Akakisoma akaona jina la Ukambani, akanirudishia kama mtu aliyepata noti ndogo kuliko alivyotarajia.

"Na huyu wa sufuria?"

Nilisogea mbele yake nikajigonga goti kwenye gogo, hili hili la kulia, na hadi leo halijapona. Lakini mdomo wangu umezoea kufanya kazi wakati miguu imegoma. Nikamwambia kitambulisho chake kiko ndani ya nguo, na mtu hawezi kujipekua akiwa na mzigo kichwani. Kama anakitaka, amtue kwanza.

Kijana akainua mikono yote miwili.

"Tua," nikasema. "Lakini ujue desturi yetu. Anayemtua huyu ndiye mwenyeji wetu. Tuko sita, tumetembea, na hatunywi strungi. Chai ya maziwa, na mandazi."

Mikono ikabaki hewani. Mwenzake mmoja nyuma akacheka. "Kim, kwani umeoa lini? Una sukari kwa nyumba?" Mwingine akasema Kim hana hata kikombe, sisi sita tutakunywa kwa kofia yake. Nikaona mikono inashuka kidogo kidogo, na nikasema moyoni, hapo hapo, mteja analegea.

Halafu mmoja ambaye hakuwa amecheka, mkubwa kidogo, alizunguka akaja mbele, akainama ili aone uso chini ya sufuria. Akaona uso mrefu mweusi wa Mama Akinyi. Kicheko kikakatika.

"Sema jina lako."

Sikuwa na bei nyingine. Ndugu zangu, kuna siku unaishiwa. Niliangalia magogo, nikaangalia njia tuliyotoka.

"Mimi ni mwenyekiti," Mama Akinyi akasema. "Natafuta kwa Mama Shiku."

Yule mtu akauliza tena jina, kwa sauti ya chini zaidi, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Mama Akinyi aliisawazisha sufuria kichwani. Mkono uliokuwa umeshika ukingo wa sufuria ulikuwa umekakamaa, lakini shingo ilikuwa imesimama.

Ndipo Mama Shiku alipotoka kwenye kichochoro, unga mikononi hadi kwenye viwiko. Labda alisikia kicheko, labda mtu alimwambia kuna sufuria inatembea. Aliongea nao kwanza kwa Kikuyu, kwa haraka, na mimi nikaambulia majina tu ya mama zao. Kisha akabadilisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, na sisi tukasikia.

"Hawa ni wageni wangu. Zamu ni yangu. Mkiwarudisha, nirudisheni na mimi nilikotoka."

Walikuwa wanajua alikotoka. Yule mkubwa alitema mate pembeni, akaondoka kwenda kukaa kwenye jiwe, mgongo kwetu. Kim wa kofia ya sufu ndiye aliyesogeza gogo. Nyinyi mkisimulia mtasema vijana waliguswa mioyo. Mimi sijui. Mimi niliona gogo limesogea, tukapita kabla halijarudi.

Mlangoni kwa binamu Mama Shiku aliinua mikono ya unga akamtua Mama Akinyi. Waliishika sufuria pamoja, kati yao, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka sufuria chini. Alama za vidole vyake vya unga zilibaki ubavuni. Sisi wengine tulisimama na vikombe vyetu kama watu waliofika mapema msibani. Nikafikiri sasa watalia, na wakilia tutalia wote, na nani atachemsha chai.

Mama Shiku akachungulia ndani ya sufuria. "Mfuniko uko wapi?"

"Ni wa zamu yangu," nikasema.

"Mama Ndinda, umetoka Kibera hadi hapa katika mambo haya yote, ukaacha mfuniko?"

Mama Akinyi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akishika shingo, akaketi chini kwenye kizingiti, na hapo ndipo machozi yalipotoka, yake na ya wote. Mume wa binamu, yule wa kuhesabu chapati, alijikuta anapasha maziwa.

Kabla hatujaondoka mwenyekiti alitangaza kama kawaida. Zamu ya Machi ni yake mwenyewe, nyumbani kwake, Soweto West. Akamwangalia Mama Shiku akaongeza kwamba hakutakuwa na vyombo vya barabarani. Mama Shiku alimimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Alikuja. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wameshashikana mikono kwenye televisheni, watu wakasema sasa ni rahisi. Kwa nani? Njia ya kwenda kwa Mama Akinyi inapita mbele ya nyumba alimofukuzwa Mama Shiku, na ndani kulikuwa na watu wengine. Mlangoni lilikuwa limetundikwa pazia la maua ya njano ambalo nilimuuzia mimi mwenyewe, baada ya yeye kulalamika asubuhi nzima. Tulikuwa tumemzunguka. Alisimama. Alilitazama lile pazia juu hadi chini.

"Wamelitundika ndani nje," akasema. "Hata kama wameninyang'anya, si wangeliweka upande wake."

Akaendelea kutembea, sahani zake sita kwapani, akafika kwa Mama Akinyi, akaziweka mezani. Nyumba ile hakurudi kuishi. Hilo pia liko kwenye gharama, lakini si langu kulidai.

Miezi michache baadaye wakaja watu na kamera. Walikuwa wamesikia. Walitaka Mama Akinyi abebe sufuria tena, apite nayo kwenye magogo, na kama tungeweza kuwatafuta wale vijana na magogo. Mama Shiku akawaambia sufuria iko jikoni, ina maharagwe, na maharagwe hayapigi picha kabla ya kuiva. Mmoja akauliza kama wanaweza kutumia nyingine. Niliondoka nisije nikasema neno.

Sasa mnisikilize, na hasa wewe Akinyi na wewe Shiku, maana najua mko kwenye hicho kikundi cha tisheti na mama zenu hawawaambii mambo. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, ya kumi na mbili. Niliichagua mwenyewe. Nilipiga hesabu kwamba watu wakishapokea wote wataona haya, wataleta vyombo vikubwa. Ujanja huo! Chama kilizunguka hadi ya tisa. Wengine walihamia kwingine, wengine walirudi ushago kwao kijijini, wawili tumewazika. Mama Akinyi yuko kwao upande wa ziwa na shingo inamuuma. Mama Shiku bado anauza maharagwe Kawangware, na kila nikipita ananiuliza mfuniko, nami namuuliza sufuria, na anasema ilikuwa zamu yake. Ni kweli. Ilikuwa zamu yake. Sufuria nadai chama, na chama sasa ni nyinyi.

Kwa hivyo mkija tena kuniuliza mlifanyaje, msije mikono mitupu. Leteni sufuria ya watu hamsini, Jumapili, hapa nyumbani Satellite. Msiniite stendi. Nitawatua mwenyewe, na hili goti. Mfuniko uko ukutani, nimeusugua.

Na mkiwa njiani mpitie kwa yule dada yake Mama Akinyi, anayevuka barabara. Anakaa hapo hapo njiani mnapopita kuja kwangu. Mwambieni zamu ni ya Mama Ndinda na hakuna mwenyekiti wa kubeba. Akinyamaza, mwacheni, nitafikiria kitu kingine, na kama mnacho nyinyi niambieni. Lakini akianza kusema sufuria ni nyepesi, ina kibonyeo, mmeibiwa kwa bei hiyo, msiondoke hapo mlangoni. Msubirini avae viatu.